Ridhaa ya Josepha

Kwa miaka mingi Josepha alimwomba Mungu jambo moja ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya padri: kwamba kabla hajafumba macho, Xavery awe na haja naye. Hakuomba afe, wala augue, wala afilisike. Aliomba haja tu, haja isiyoweza kukidhiwa na kiumbe mwingine chini ya jua, ili Xavery aje kwa miguu yake mwenyewe na kusimama mbele yake, naye Josepha amtazame usoni kwa utulivu kabla ya kumjibu. Dua hiyo aliiomba akipalilia pamba, akaiomba akipepeta dengu, na mara nyingine, Mungu amrehemu, aliiomba rozari ikiwa mkononi.

Jibu lilifika Ziba asubuhi moja ya kiangazi, limepakiwa nyuma ya bodaboda.

Alikuwa mwanamke kijana aliyevaa suti ya kijivu, amejifunga khanga kiunoni kuikinga na vumbi, na mkoba wa ngozi ameukumbatia kifuani. Alitoa shikamoo kwa adabu, akaitikiwa marahaba, akaketi kwenye kigoda alichopewa na kunywa maji yote ya kikombe kabla ya kutaja lililomleta. Jina lake Recheli. Kazi yake uwakili, mjini Tabora. Alikuwa akimwakilisha mfanyabiashara wa Kahama aitwaye Adriano, ambaye alitaka kununua nyumba na kiwanja kule Kwihara, kando ya barabara, abomoe na kujenga kituo cha mafuta. Kila kitu kilikuwa tayari, alisema, isipokuwa ridhaa ya mtu mmoja.

Josepha aliposikia jina la Kwihara aliuweka ungo chini.

"Nyumba ya nani?" aliuliza, ingawa moyo ulikwisha kumjibu.

"Ya mzee Xavery, mama. Ya mume wako."

Sixbert, mdogo wake Josepha, aliyekuwa akisuka kamba ya ngozi kwenye kivuli cha ghala, aliangua kicheko. "Wakili, hizo ni habari za mwaka arobaini na saba. Yule aliacha kuwa shemeji yangu nikiwa sina mvi hata moja."

Wakili hakucheka. Alieleza kwamba majuzi Xavery aliingia ofisini kwake akifuatana na Minza, mwanamke anayeishi naye, ili Minza atie sahihi ya ridhaa kama mke. Recheli alipoomba kuona cheti cha ndoa, Xavery hakubabaika. Alisema waziwazi kwamba mke wa cheti alikwisha kumrudisha kwao, na kwamba mambo yao yalimalizwa kiungwana, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walirudi wote. Asiyeamini aende akaulize Ziba. Aliwataja ng'ombe hao kwa fahari, kama mtu anayetaja kesi aliyoishinda. Ndipo Recheli alipomweleza kwamba mahakamani hakuwahi kufika, na hapo ndipo penye kosa. Ndoa iliyofungwa kanisani na kuandikishwa serikalini haivunjwi na ng'ombe, hata wakirudi na ndama wao. Huvunjwa na kifo au kwa amri ya mahakama. Na nyumba waliyoijenga mume na mke ndani ya ndoa yao haiuzwi na mmoja pasipo ridhaa ya mwenziwe.

"Kwa hiyo," Josepha alisema polepole, "siku zote hizi nilikuwa mke wake?"

"Siku zote, mama."

"Hata siku ile ya ng'ombe?"

"Hata siku ile."

Josepha aliuchukua ungo akaanza tena kupepeta. Pumba zilipeperuka kama kawaida, lakini dengu nazo zilimwagika pembeni, jambo ambalo Sixbert hakuwahi kuliona likitokea mikononi mwa dada yake.

Siku ile ya ng'ombe haikuhitaji kusimuliwa pale Ziba. Kila mtu mzima aliikumbuka. Xavery alikuwa karani wa ghala la tumbaku, kijana wa shati jeupe na kalamu mfukoni, alipomwoa Josepha binti Ezekia kwa ng'ombe walioshangiliwa njia nzima. Walikwenda kuishi Kwihara. Josepha ndiye aliyechota maji ya kukandia udongo wa matofali, ndiye aliyewapikia mafundi, ndiye aliyeshika ngazi siku bati la mwisho lilipopigiliwa. Nyumba ikasimama, watoto wasipatikane. Ndugu za Xavery wakaanza kuhesabu, na walipochoka kuhesabu wakaanza kusema. Mwishowe wakaja Ziba na maneno machache: mwanamke asiye na mtoto hurudishwa kwao, na mahari yake hurudishwa kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi, na mzee Ezekia hakuwa mtu wa kubishana na desturi.

Lakini baadhi ya ng'ombe wale alikwisha kuwatoa kumwolea Sixbert. Ilimbidi aende kwa wakwe wa mwanawe, mkongojo mkononi, akawaombe wawarudishe. Nao wakarudi, na binti wa watu akarudishwa kwao akilia, akiwa hajamaliza hata mwaka nyumbani kwa mumewe. Xavery angeweza kuwachukua ng'ombe wake alfajiri, kimya kimya, kwa njia ya nyuma. Alichagua siku ya gulio. Aliwaswaga katikati ya soko, yeye mbele na fimbo yake, na mzee Ezekia nyuma, kwa kuwa anayekabidhi mifugo sharti aisindikize mpaka mwisho wa kijiji. Wanawake waliacha kupima mtama. Tangu siku hiyo mzee hakukanyaga tena sokoni, na masika ya pili hakuyaona.

Hayo yote Josepha alikuwa ameyahifadhi kama wengine wanavyohifadhi sala. Kwa hiyo Recheli alipomaliza kwa kusema kwamba mnunuzi yuko radhi kumlipa yeye fungu lake mkononi mwake, lisipitie kwa Xavery kabisa, Sixbert ndiye aliyesogeza kigoda karibu, si Josepha. Wakili akaongeza, kwa uaminifu uliowapendeza wote wawili, kwamba yeye ni wakili wa mnunuzi, si wake, na kwamba kama mama anataka ushauri wa upande wake, Igunga wapo wasaidizi wa kisheria wasiotoza chochote.

"Nimekusikia, mwanangu," Josepha alisema. "Kamwambie aje mwenyewe."

Alikuja. Juma lile lile alikuja, kwa gari la kukodi, na sukari, na doti ya khanga, na wakili akiwa shahidi. Umri ulikuwa umemla mabega, lakini shati bado lilikuwa jeupe. Aliketi, akasifu ghala, akasifu mbuzi, akauliza habari za mvua. Kisha akasema kwamba wao wote sasa ni watu wazima, na kwamba mambo ya ujana ni ya kuyaachia ujana. Kule Kahama alikuwa amekwisha kuinua kuta za nyumba mpya, zinangoja bati tu. Akiuza hii ataezeka ile, na Josepha atapata haki yake, na kila mtu atalala vizuri.

Josepha alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia. Alikuwa amelingoja jambo hili muda mrefu mno kiasi cha kutotaka kuliharakisha.

"Sitaki fungu," alisema. "Nataka ng'ombe wa baba yangu."

"Mzee si alishafariki?"

"Zizi lipo."

Xavery alimgeukia Sixbert kama mwanamume anayemtafuta mwanamume mwenzake, lakini Sixbert alikuwa akitazama kamba yake. Josepha akaendelea, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi dukani. Alitaka ng'ombe kama wale walioondoka: yule mweusi wa pembe moja iliyopinda, yule mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, yule aliyekuwa na mimba, na wenzao, wasipopatikana wa rangi hizo, wapatikane wa thamani hiyo. Waje siku ya gulio. Gari liwashushe upande wa pili wa soko, na Xavery mwenyewe awaswage katikati ya watu mpaka mlangoni mwa zizi, bila mchungaji wa kumsaidia. Likishafanyika hilo, yeye Josepha atapanda basi mpaka Tabora, ataketi ofisini kwa wakili, na mbele ya mnunuzi atatoa jibu lake.

Recheli aliweka kalamu chini. "Mzee, sikiliza vizuri, maana sitaki uje kunilaumu. Mama ameahidi jibu. Hakuahidi sahihi."

"Amesema kweli," Josepha aliitikia. "Sikuahidi sahihi."

Xavery alitabasamu, tabasamu la karani aliyeona wakulima wengi wakigoma asubuhi na kupanga foleni jioni. "Wakili, wewe bado mdogo. Mwanamke akipewa ng'ombe atakataa nini tena?"

Xavery alipoondoka, Sixbert alimkabili dada yake. Alimwambia kwamba jambo hili linanuka kisasi, na kwamba fungu lile lingewatoa katika kulima kwa mkono. Alimwambia pia, kwa upole zaidi, kwamba kama kuna mtu aliyeumizwa siku ile, ni yeye, kwa maana mke aliyeondolewa alikuwa wake. Naye alikwisha kusamehe, zamani, akapumzika.

"Wewe hukumwona baba akitembea nyuma ya wale ng'ombe," Josepha alisema.

"Nilimwona. Nilikuwa nyuma yake."

Josepha akaenda kufunga mbuzi.

Siku ya gulio Ziba ilijaa kuliko desturi, kwa sababu habari za namna hiyo hazihitaji mbiu. Waliokuja kuuza walisahau bei zao, na wasiokuwa na la kununua walinunua karanga ili wapate sababu ya kusimama. Lori liliwashusha ng'ombe ng'ambo ya soko, Xavery naye akashuka, na shati lake, na fimbo mpya ambayo bado ilikuwa na gome. Kwa hatua za mwanzo alijitahidi kutembea kama mwenye mali. Lakini ng'ombe hawakumjua. Mmoja aliingia kwenye vibanda vya dagaa, mwingine akasimama katikati ya njia na kukataa kabisa kwenda, na mwenye mashairi yake miongoni mwa wanawake wa mtama akapata nafasi.

"Bwana harusi, umechelewa kidogo," alisema. "Pilau tulishakula."

"Mwacheni," mwingine akamjibu, "mahari ya mtu mzima huenda kwa mwendo wa mtu mzima."

"Na huyo wa Kwihara, amemzalia wangapi?"

Swali hilo la mwisho halikuulizwa kwa sauti kubwa, lakini kicheko chake kilikuwa kikubwa, kwa kuwa ilijulikana toka Ziba hadi Tabora kwamba Minza naye, miaka yote aliyokaa na Xavery, hakupata mtoto, ingawa alikuja na binti yake wa awali mkononi. Xavery alisikia. Shingo yake ilibadilika rangi. Akampiga fimbo yule ng'ombe aliyesimama, ng'ombe akasogea, na msafara ukaendelea kwa aibu yake yote mpaka zizini.

Hapo mlangoni palikuwa na wazee, na katekista Anton miongoni mwao, na Josepha amesimama kizingitini mwa nyumba ya baba yake, amevaa khanga ile aliyoletewa. Desturi ya pale ni kwamba zizi halifunguliwi mpaka aliyeleta mifugo aulizwe na kujibu. Mzee mmoja aliuliza kama ilivyopasa: ng'ombe hawa ni wa nini?

Xavery alikuwa na kiu, jua lilikuwa limemkalia utosini, na nyuma yake soko zima lilikuwa limefuata. Pengine angekuwa na kivuli na maji angelifikiria neno lake. Hakulifikiria.

"Ni mahari," alisema. "Mahari ya Josepha binti Ezekia. Fungueni."

Zizi likafunguliwa. Vigelegele vilipasuka, vikapokewa upande wa pili wa njia, vikarudi. Josepha alimtazama akipita, amelowa jasho, mavi ya ng'ombe kwenye viatu, naye akaonja utamu alioungoja tangu siku ile, na utamu huo ulikuwa kama alivyoutarajia, haukupungua hata chembe. Kitu kimoja tu kilimshangaza: alipouonja, alitaka zaidi.

Ofisi ya Recheli ilikuwa ghorofani, mjini Tabora, na dirisha lake lilitazama barabara ile ile ambayo wapagazi wa zamani walipita na pembe za ndovu wakielekea pwani. Walioketi walikuwa watano: wakili, mnunuzi Adriano, Xavery aliyekuwa amenyoa na kujipaka mafuta, Minza kwenye kiti cha pembeni, na Josepha. Karatasi zilikuwa zimepangwa mezani. Recheli alisoma kila kipengele kwa sauti, akaeleza nini kitauzwa, nani atalipwa, na kwamba ridhaa ya mke sharti itolewe kwa hiari, bila vitisho wala hila. Kisha akamgeukia Josepha na kumwuliza kama anaridhia nyumba iuzwe.

"Siridhii," Josepha alisema.

Adriano alidhani hakusikia vizuri. Xavery alisikia.

"Umechukua ng'ombe wangu," alisema, akinyanyuka.

"Wapo zizini, hakuna aliyechinjwa. Kaa chini."

"Wakili, huyu mwanamke ni tapeli."

"Mzee, nilikuonya mbele yake na mbele ya shemeji yako," Recheli alisema. "Uliniambia mimi bado mdogo."

Josepha hakuinua sauti. Alimwambia Xavery kwamba zamani alidhani ng'ombe wamemwachanisha naye, na sheria ikasema hapana. Sasa ng'ombe wale wale amewarudisha mwenyewe, kwa mkono wake, mchana wa jua, na alipoulizwa ni wa nini, akasema ni mahari, na jina akalitaja. Kwa hiyo kama kanisani ni mumewe, serikalini ni mumewe, na sasa kwa desturi ya baba zao ni mumewe, ni mlango gani uliobaki wa kutokea?

"Nitakwenda mahakamani," Xavery alisema. "Nitavunja hii ndoa kwa hakimu."

"Nenda. Utaanzia kwenye baraza la usuluhishi. Watakuuliza kama mliwahi kupatana. Mashahidi wangu ni gulio zima la Ziba, na katekista."

Xavery alimtazama wakili, na wakili hakumficha kitu. Alisema kwamba njia ya mahakama ipo na hakuna anayeweza kumzuia, lakini ni ndefu, na kwamba hakimu atakapofika kwenye nyumba, atamsikiliza pia mwanamke aliyekanda udongo wake. Muda wote huo nyumba haitauzika. Adriano alisikiliza mpaka hapo, akafunga kalamu yake, akasema kwa ustaarabu kwamba viwanja vya kando ya barabara Kwihara ni vingi na yeye hapendi kununua ugomvi. Akaaga, akaondoka.

Ndipo Minza, ambaye hakuwa amesema neno tangu walipoketi, alipomwuliza Xavery swali. Aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Sasa mimi, nilikuwa nani?"

Xavery aliangalia karatasi. Minza alingoja jibu kwa muda wa heshima, kisha akachukua mkoba wake. Alipompita Josepha alisema "shikamoo, dada," naye Josepha, ambaye alikuwa ameandaa maneno mengi makali kwa ajili ya mwanamke huyo, hakuona hata moja lililokuwa tayari. Akaitikia marahaba. Ilisemekana baadaye kwamba Minza alikwenda Nzega kwa binti yake, na vyombo vyake alivifuata siku ambayo alijua hakuna mtu nyumbani.

Josepha alirudi Kwihara kabla ya mvua za kwanza. Recheli, sasa akiwa hana tena mteja katika shauri lile, alimwelekeza namna ya kuweka zuio kwenye ofisi ya ardhi, ili mtu yeyote atakayejaribu kuiuza nyumba ile agonge ukuta. Alimwambia kwamba baada ya hapo anaweza kwenda popote na kulala usingizi. Josepha alishukuru, akaweka zuio, akalala usingizi. Lakini popote hakwenda.

Chumba cha mbele alikichukua yeye. Xavery alihamia chumba cha ghala, karibu na magunia, kwa hiari yake. Josepha hakumtukana hata siku moja. Alimpikia, akampakulia kwanza, akamwita "mume wangu" mbele ya majirani kwa sauti laini iliyomfanya Xavery kila mara afumbe macho. Kule Kahama kuta zisizo na bati zilinyeshewa, zikapasuka, na habari zilipokuja kwa simu Josepha alimpa pole kama mke anavyopasa kumpa mumewe pole. Jumapili alimtangulia kanisani na kumwekea nafasi kwenye benchi, watu wakiona. Padri, ambaye alikuwa mgeni parokiani na aliyejua kipande tu cha kisa hiki, alifurahi mno, hata akawataja katika mahubiri yake kama mfano wa waliorudiana kwa kusameheana. Xavery aliinamisha kichwa. Josepha naye alitazama chini, kama bibi harusi, na ndani ya kifua chake moyo ulikuwa unacheza ngoma.

Na Ziba, wale ng'ombe walizaa. Sixbert, ambaye kwa miaka mingi aliwaambia watu kwamba jiko la mtu mmoja halichoshi, aliona mjane mmoja wa Ndala aitwaye Marcelina, mcheshi, mwenye shamba lake, akapeleka posa, ikapokewa. Alisafiri mwenyewe mpaka Kwihara kumwambia dada yake. Hakuwa na chuki. Alimwambia kwamba alikosea kumzuia, kwamba bila yeye zizi lingekuwa tupu mpaka leo, na kwamba wazazi hawapo, hivyo yeye ndiye atakayempokea bibi harusi mlangoni. Josepha alilia kwa furaha, kilio cha kweli, akaahidi, akashona vitenge vipya.

Asubuhi ya safari alikuwa tayari mapema. Begi lilikuwa mlangoni, bodaboda ya kumpeleka stendi ilikuwa inanguruma uani, na kuku wawili wa zawadi walikuwa wamefungwa miguu. Xavery alikuwa ameketi barazani na kikombe chake cha chai. Ndipo gari dogo liliposimama kando ya barabara, dalali mmoja wa mjini akashuka na mteja wake, akauliza kama kiwanja hiki, kwa kuwa kimekaa pazuri, wenyewe wana mpango wa kukiuza.

"Muulize mke wangu," Xavery alisema, kama alivyozoea kusema sasa. Kisha akalitazama begi, akawatazama wale kuku, akaongeza, "Lakini leo anasafiri."

Hakukuwa na ubaya katika maneno hayo, wala hila. Josepha alijua kwamba zuio lipo, kwamba dalali yule na wenzake wote hawangeweza kuuza hata tofali moja. Kilichomgusa hakikuwa maneno. Ilikuwa sauti. Kwa mara ya kwanza tangu gulio lile, sauti ya Xavery ilikuwa nyepesi, sauti ya mtu anayeona mbele yake siku chache za kunywa chai yake bila kutazamwa, kulala bila kusikia nyayo za mtu chumba cha mbele, kukaa kanisani peke yake. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Alikuwa anapumzika kabla hata basi halijaondoka.

Josepha alisimama mlangoni. Alimfikiria Sixbert, akamfikiria Marcelina akishuka garini na kumtafuta kwa macho mtu wa kumpokea. Alijiambia kwamba ni siku chache tu, na kwamba Xavery hatakimbia. Alijiambia hivyo mara kadhaa, na kila mara aliyaona yale mabega.

"Hatuuzi," alimwambia dalali.

Dalali aliaga. Josepha akamwendea mwenye bodaboda, akamkabidhi wale kuku na nauli ya kuwafikisha kwa kondakta wa basi la Igunga, na maagizo kwamba wateremshwe Ziba kwa Sixbert; aseme dada amepatwa na udhuru. Kijana aliuliza kama mama anaumwa. Akasema haumwi.

Alilirudisha begi ndani. Vitenge vipya hakuvivua. Alasiri simu iliita, ikaita tena, na alipoipokea hakusikia sauti ya Sixbert bali kelele za watu wengi, ngoma, na vigelegele, na katikati yake mtu akiuliza dada yuko wapi, mbona bibi harusi anangojeshwa mlangoni. Alisikiliza bila kujibu mpaka salio la huyo mpigaji likaisha.

Kisha akachukua kiti, akakiweka barazani, mkabala na cha Xavery, akaketi. Xavery alikuwa anatazama barabara. Josepha alikuwa anamtazama Xavery.